Kuchora PCB za kibodi za mekanikali kwa oda: jinsi ya kupokea kazi bila kujiumiza

Kama unaijua kiasi KiCad, programu ya kuchora PCB (bodi za saketi), na umeshajitengenezea kibodi yako mwenyewe ikawaka, basi kazi ipo, maana watu wengi wanaobuni kibodi za kastom ni watu wa keisi. Wanaijua alumini, wanajua rangi, wanajua kibodi iinuke nyuzi ngapi mbele ya mkono, ila ukianza habari za dayodi na kristali wanakutolea macho tu. Hao ndo wateja wako, wana keisi nzuri kwenye kompyuta na hawana bodi ya kuweka ndani.

Niseme mapema kitu ambacho wanaoanza hawakitegemei: umeme wa kibodi ni mwepesi. Ni matriksi ya swichi (swichi zilizounganishwa kwa mistari na safu), chipu moja, tundu la USB na vikorokoro vichache, na ukishaichora mara moja ya pili unakopi sehemu kubwa. Kinachoua kazi ni vipimo na maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Bodi inayoandika herufi zote vizuri lakini tundu la USB limepishana na shimo la keisi kwa milimita moja ni takataka tu, na mteja hana makosa akikasirika. Ndo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye mambo ya kabla ya kuchora, nusu ya hela unayolipwa ni ya hapo.

Kwanza uwe na kitu cha kuonyesha. Chora bodi moja ya 60%, yaani kibodi ndogo isiyo na mishale wala mstari wa F, ile saizi ya bodi maarufu ya GH60 ya milimita 285 kwa 94.6, kwa sababu keisi zake zimejaa kila mahali na nafasi za skrubu na za USB zinajulikana, kwa hiyo hata mtu asiyekufahamu anaweza kuhakiki kwamba vipimo vyako viko sawa. Agiza, lehemu, piga picha, weka faili zote GitHub. Picha ya kutengenezwa na kompyuta haimshawishi mtu, kila mtu anayo, picha ya bodi halisi ikiwa imechomekwa ndo inaleta meseji. Baada ya hapo jiunge na magrupu ya Discord na Reddit ya wapenzi wa kibodi, ujibu maswali ya watu waliokwama kwa KiCad au kwa femwea (programu inayokaa ndani ya chipu ya kibodi), utashangaa kazi za kwanza zinatokea humo humo kwa mtu uliyemsaidia bure wiki iliyopita.

Haya, mtu amekuja, anasema nataka PCB ya 65%, yaani kama 60% ila ina mishale. Usitaje bei bado. Muombe faili la JSON la Keyboard Layout Editor (tovuti ya kupanga vitufe), sio maelezo ya mdomo, afu uanze kumhoji layauti, yaani mpangilio wa vitufe. Spesi ni 6.25u au 7u (1u ni upana wa kitufe kimoja cha herufi)? Backspace ni moja au imegawanywa mara mbili? Enter ya ISO, ile ndefu ya Ulaya, ipo, au ni ANSI tu, ile ya Marekani? Wengi watakujibu "weka zote tu" na hapo ndo pa kusimama. Kwenye bodi ya kulehemu mashimo ya nafasi mbili yanaweza kukaa karibu karibu au hata kugusana na maisha yakaendelea, lakini kwenye hotswap, yaani bodi ya kubadilisha swichi bila kulehemu, kila swichi ina soketi yake chini ya bodi, na nafasi mbili zilizoachana robo ya kitufe, yaani kama milimita 4.8, soketi zake zinapandiana. Kwa hiyo mteja achague, hotswap yenye layauti chache au kulehemu yenye layauti nyingi, na achague kwa maandishi. Ukimwachia utata huu, wewe ndo utautatua kwa kichwa chako afu mwishoni akuambie sio alichotaka.

Swichi nayo uliza, usidhani. MX, swichi za kawaida, zinatembea kwa nafasi ya milimita 19.05, Choc, zile fupi, mara nyingi zinachorwa 18 kwa 17. Na hata huyo wa MX muulize aliyechora pleti (bamba linaloshika swichi juu ya bodi) katumia 19.05 au 19 kavu, kwa sababu kuna watu wanakata hiyo desimali wakiona ni ndogo, na toka katikati ya kitufe cha kwanza hadi cha kumi na tano hiyo desimali imeshakuwa milimita 0.7, swichi za pembeni haziingii bila kupinda miguu.

Afu umbo. Unataka DXF (faili la mchoro wenye vipimo halisi) ya ukingo wa bodi, ya pleti, na ya sehemu zote ambazo keisi inagusa bodi. Sio picha, sio PDF, sio skrinshoti yenye mishale. Kama hana DXF basi keisi yake haijaisha na kazi yako haijaanza. Muulize pia bodi iwe na unene gani, 1.6 ndo ya kawaida, ila wanaopenda bodi inayonesa kidogo wanaomba 1.2 na vipasuo vya kulegeza katikati ya vitufe, na hivyo vipasuo vinakula nafasi ya njia zako za shaba kwa hiyo ni kazi ya ziada na bei yake ni ya ziada.

Kimo ndo kinasahaulika kuliko vyote. Kwa MX, kutoka uso wa juu wa bodi hadi uso wa juu wa pleti ni milimita 5, na pleti ya kawaida ni 1.5, kwa hiyo katikati inabaki 3.5. Tundu la USB-C la kawaida lina kimo kama 3.2. Linaingia, ila kwa kubanana, na ukiweka chini badala ya juu basi shimo la keisi linahama kabisa. Chini nako soketi za hotswap zinatokeza karibu milimita 1.8, kuna keisi nyembamba ambazo hapo hapo zinagonga sakafu. Hizi namba mtumie mteja kabla hajauliza, ataona anaongea na mtu anayejua.

Kuhusu USB yenyewe, kama keisi ni ya gasketi, yaani bodi inaelea kwenye raba, mimi huwa nashauri tundu likae kwenye bodi ndogo ya pembeni iliyofungwa kwa skrubu kwenye keisi, inayoungana na bodi kubwa kwa waya mfupi wa pini 4 wa JST. Ipo ya Unified Daughterboard ambayo michoro yake ni ya wazi na keisi nyingi zimeshachorwa kwa ajili yake. Faida ni mbili, kila mtu akichomeka waya msukumo hauendi kwenye bodi kubwa, na tundu likivunjika unabadilisha kipande kidogo tu.

Taa: muulize kama ni lazima. Kila mtu anataka RGB mpaka afanye hesabu. Taa moja ya WS2812B ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inakula hadi karibu miliampia 60, taa 67, moja kwa kila kitufe, ni kama ampia 4, na mlango wa USB 2.0 unakupa miliampia 500. Unafunga mwanga kwenye femwea na inakaa sawa, lakini mteja ajue mapema kwamba zile taa za kwenye video za matangazo hazitawaka hivo. Na kama ni kazi ya wayalesi, ndugu, kwa mara ya kwanza kataa. Kuna chipu ya nRF52840 na femwea ya ZMK na vinafanya kazi vizuri, lakini hapo umeongeza betri, kuchaji, antena ambayo haitaki shaba wala alumini karibu yake (na keisi ya mteja ni alumini tupu), na vibali vya redio kwenye nchi anazotaka kuuza. Hiyo ni kazi nyingine kabisa yenye bei nyingine.

Meseji ninayopenda kutuma baada ya maongezi ya kwanza iko hivi, ikopi ubadilishe (QMK ni femwea ya wazi ya kibodi, VIA ni programu ya kubadilisha kazi za vitufe bila kuandika femwea upya):

"Habari, nimeelewa kazi kama ifuatavyo. Bodi ya 65%, MX, hotswap, spesi 7u tu, Backspace moja, ANSI tu. Unene 1.6, USB kwenye bodi ndogo ya pembeni, hamna taa. Femwea QMK pamoja na VIA. Ninasubiri DXF ya ukingo, ya pleti na ya keisi. Bei inahusu haya tu, marekebisho mawili yamo ndani, likiongezeka jambo tutaongea upya kabla sijaligusa. Ukikubali nijibu kwa kuandika nakubali."

Ni fupi, na itakuokoa siku ambayo mtu atakuja kusema mbona nilitaka na ISO.

Sasa kuchora. Kuchagua chipu usijiumize kichwa. RP2040 ilitoka 2021 na kwa kazi nyingi za waya inatosha: pini 30 za kutumia, na kuweka femwea ni kushikilia kitufe cha BOOTSEL ukichomeka, inatokea kwenye kompyuta kama flashi ya USB, unadondosha faili la UF2 basi. Inataka chipu yake ya nje ya memori, regyuleta ya volti 3.3, kristali ya 12 MHz na rezista za omu 27 kwenye D+ na D- (njia za data za USB). ATmega32U4 ni ya zamani na bado watu wanaiomba kwa mazoea, ila memori yake ni kilobaiti 32 tu na ukiweka VIA na taa na mbwembwe inajaa. STM32F072 ni nzuri kwa sababu USB yake haihitaji kristali na butiloda (programu ndogo inayopokea femwea mpya) imo humo humo ndani ya chipu. Chagua moja uizoee, wateja wengi hawajali ni ipi.

Matriksi ya 65% ni mistari 5 na safu 15 au 16, pini 20 au 21 na umemaliza. Kila swichi dayodi yake, 1N4148W, maana bila dayodi ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye kona za mstatili cha nne kinajitokeza chenyewe. Mwelekeo wa dayodi uwe mmoja bodi nzima, ile alama ya mstari kwenye dayodi ielekee kwenye mstari wa matriksi kama femwea umeiandikia COL2ROW (umeme unatoka safu kwenda mstari). Ukichanganya, vitufe ulivyogeuza havitaitika na utahangaika na kodi (maandishi ya femwea) wakati shida iko kwenye shaba.

Gridi ya KiCad weka 2.38125, yaani moja ya nane ya kitufe. Watu wanaweka robo na inafanya kazi mpaka wafike kwenye Ctrl ya 1.25u, katikati yake haiangukii kwenye robo, wanasogeza kwa jicho na hapo pleti na bodi zimeshaachana. Swichi zielekeze kusini, yaani nafasi ya taa iwe upande wa mtumiaji, kwa sababu ukiziweka kaskazini vifuniko vya vitufe vya umbo la Cherry kwenye baadhi ya mistari vinagonga kichwa cha swichi kabla hakijafika chini na wateja wa kastom wanaisikia hiyo kwa vidole hata kama wewe huisikii. Mashimo ya stebilaiza za skrubu (vishikizo vya vitufe virefu kama spesi) yaachie nafasi bila shaba kuzunguka, skrubu ikikazwa inakwangua rangi ya bodi na kama kuna njia imepita hapo chini unapata shoti ambayo inatokea na kupotea, hakuna kitu kinasumbua kuitafuta kama hiyo.

Kwenye USB-C weka rezista mbili za 5.1k, moja kwa CC1 na nyingine kwa CC2 (pini zinazomwambia anayetoa umeme kwamba kuna kifaa), kila moja peke yake kwenda graundi. Usibane matumizi ukaweka moja kwa zote mbili. Raspberry Pi 4 ilipotoka 2019 ilikuwa na kosa hilo na waya zenye chipu ndani zikawa zinakataa kuipa umeme. Ukiacha kabisa kuziweka, kibodi itafanya kazi kwa waya wa A kwenda C na itakufa kimya kwa waya wa C kwenda C, na kama wewe ulijaribu kwa waya mmoja tu hutajua mpaka bodi ziko mikononi mwa watu. Ongeza fyuzi ya kujirudisha ya miliampia 500, chipu ya kuzuia umeme tuli kama USBLC6-2SC6 iwe karibu na tundu, D+ na D- zitembee pamoja bila kukata shaba ya graundi chini yake, na kapasita za 100nF ziwe mlangoni kabisa mwa pini za chipu, sio mahali palipobaki nafasi.

Ukishamaliza na DRC (ukaguzi wa kanuni za mchoro ndani ya KiCad) iko safi, usitume kiwandani. Toa faili la STEP (umbo la bodi la 3D) kutoka KiCad umpe mteja aliingize kwenye keisi yake kwenye kompyuta, aangalie tundu, skrubu, soketi na sakafu. Wewe huku chapisha mchoro kwenye karatasi kwa saizi halisi, pima kwanza kwa rula kwamba printa haijapunguza, afu penyeza swichi kadhaa kwenye karatasi juu ya pleti kama unazo. Inaonekana kama mambo ya shule ya msingi ila karatasi inaonyesha vitu ambavyo skrini inaficha. Baada ya hapo unadai jibu la maandishi kwamba ameangalia na iko sawa. Bila hilo jibu hakuna kuagiza.

Sampuli ni bodi tano, viwanda kama JLCPCB ndo vinaanzia hapo kwa kawaida. Unapeleka Gerber (faili za tabaka za bodi), faili la mashimo, orodha ya vifaa, na faili la nafasi za vifaa kama wao ndo wanalehemu. Kwenye ukurasa wao wa kuhakiki angalia kila kifaa chenye mwelekeo, chipu na dayodi hasa, kwa sababu KiCad na kiwanda huwa hawakubaliani nyuzi za kuzungusha na chipu inaweza kutokea imegeuka nyuzi 90 na hakuna atakayekupigia simu. Gharama ya sampuli alipe mteja moja kwa moja kiwandani, usiipitishe mfukoni mwako, na angalau bodi moja ije kwako.

Ikifika usikimbilie kuchomeka. Weka mita kwenye VBUS (njia ya umeme ya USB) na graundi kwanza, kama inapiga kelele kuna shoti na kompyuta yako haina haja ya kushuhudia. Ikiwa safi, chomeka, weka femwea, fungua ukurasa wa kujaribu vitufe wa VIA, afu kabla ya kuweka swichi hata moja chukua kibano cha chuma ugusishe miguu miwili ya kila nafasi moja moja. Kila ukigusa kitufe kimoja kiwake kwenye skrini, na kiwe chenyewe. Vikiwaka viwili mistari imegusana. Kisipowaka kimoja ni lehemu ya dayodi au soketi. Usipowaka mstari mzima, rudi kwenye pini ya chipu au kwenye femwea yako. Hapo kwa dakika chache umeijua bodi yote. Malizia kwa waya wa C kwenda C, upande huu, geuza, upande ule.

Na jinsi ya kurudi kwenye butiloda ifikirie sasa hivi: kitufe cha riseti kikishafunikwa na keisi hakuna anayekifikia. Kwenye QMK weka Bootmagic, mtu akishikilia kitufe cha kwanza juu kushoto wakati anachomeka inaingia butiloda, ila hakikisha hicho kitufe ndo mstari 0 safu 0 kwenye matriksi au uandike kingine kwenye mpangilio.

Hela. Toza kwa kazi nzima, sio kwa saa, kwa sababu mteja wa kibodi hajui saa zako zinaenda wapi na wewe ukizoea utakuwa unajiadhibu kwa kuwa na kasi. Nusu advansi kabla hujafungua KiCad, nusu iliyobaki sampuli ikishapita majaribio na kabla hujatoa faili za mwisho. Atakayekuambia "nitakulipa tukishauza" au asilimia kwa kila bodi, msikilize kwa heshima afu umwambie hiyo iwe nyongeza juu ya malipo, sio malipo. Oda za pamoja za kibodi zinaweza kuburuzika mwaka na zaidi, na nyingine hazifikishi idadi zinafutwa, wakati wewe kazi yako umeshaifanya.

Andika pia nani anabeba hasara. Msimamo wangu ni kwamba kosa la mchoro nalirekebisha bure muda wowote, lakini silipii bodi zilizotengenezwa. Mteja anayeruka sampuli akaagiza bodi 300 moja kwa moja kwa sababu ana haraka, aandike kabisa kwamba amechagua mwenyewe. Wengi ukiwaambia waandike, ghafla haraka inaisha.

Haki za mchoro ziwe wazi toka mwanzo: anapata Gerber tu, au na faili za KiCad? Ni zake peke yake, au wewe unaweza kutumia sehemu ya USB na ya chipu kwenye kazi nyingine? Hiyo haki ya kuzitumia tena sehemu hizo usiiuze kamwe, ndo mtaji wako. Akitaka mchoro uliobaki uwe wake peke yake, sawa, bei inapanda. Na mwambie QMK iko chini ya GPL, akiuza kibodi yenye hiyo femwea lazima wanunuzi waweze kupata kodi yake, asije akadai ni siri ya kampuni. Kwa VIA utahitaji VID na PID (namba za USB za mtengenezaji na za bidhaa) zisizogongana na za mtu mwingine. VID rasmi kutoka USB-IF, shirika linalosimamia USB, ni maelfu ya dola, mradi ulio wazi unaweza kuomba PID bure kwa pid.codes.

Siku ya kukabidhi weka vyote kwenye folda moja: Gerber, orodha ya vifaa na vibadala vyake kwa vile vinavyoisha sokoni, STEP, kodi ya femwea, JSON ya VIA, na ukurasa mmoja unaoeleza jinsi ya kujaribu bodi kwa kibano. Na kwenye bodi yenyewe kwa maandishi meupe andika jina la mradi na toleo, rev 1.0, rev 1.1, kila ukigusa kitu hata rezista moja ubadilishe namba. Mteja akikutumia picha ya bodi inayosumbua baada ya mwaka, hiyo namba ndo utaiangalia kwanza kabla hujamjibu chochote.